Pigo la Katikati: Justinian Tamusuza na Ngoma Niliyoinyamazisha

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa mwalimu wa kwaya hapa Turiani, nilimwambia mzee aliyekuwa akitupigia ngoma kwamba anachelewa. Mara ya kwanza nilimwambia kwa adabu. Mara ya pili sauti ilipanda kidogo. Mara ya tatu nikawasha kinanda, nikachagua mdundo mmoja kati ya ile inayokuja nayo kutoka kiwandani, nikamwambia, "Mzee, fuata huu." Hakubisha. Aliufuata mpaka wimbo ukaisha, akaegemeza ngoma ukutani, akasema, "Mwalimu, hicho chako hakimwachii mtu nafasi." Jumapili iliyofuata hakuja kupiga, na iliyofuata hivyo hivyo.

Nimesimulia haya kwa sababu makala hii inamhusu Justinian Tamusuza, mtunzi wa Uganda, na mimi sikumfikia Tamusuza kupitia chuo cha muziki. Nilimfikia kwa aibu. Wiki nzima nilikuwa najiuliza mzee alimaanisha nini. Kinanda kimwachie nani nafasi, na nafasi ya nini? Nikawa napekua mtandaoni mambo ya ngoma na nota, moja likinipeleka kwa lingine, mpaka usiku mmoja nikakuta muziki wenye jina la Kiganda: Mu Kkubo Ery'Omusaalaba. Kiganda sikijui. Lakini msomaji, hebu lisome jina hilo polepole. Omusaalaba si mwingine, ni msalaba. Ni Njia ya Msalaba, ibada ile ile ya vituo 14 tunayoizunguka kanisani kila Ijumaa ya Kwaresima. Nikabonyeza nikitegemea kilio. Nikasikia watu wanacheza.

Na wachezaji wenyewe ni fidla mbili, viola moja na chelo moja. Basi. Hakuna mwimbaji, hakuna ngoma hata moja. Wazungu huliita kundi la namna hiyo kwateti ya nyuzi, na kwao ni kama utenzi ulivyo kwetu: chombo cha heshima, ambacho mtunzi akikigusa anajua wakubwa waliomtangulia wanamtazama. Rekodi niliyoisikia ilipigwa na Kronos Quartet ya San Francisco, katika albamu yao Pieces of Africa iliyotolewa na Nonesuch mwaka 1992. Humo wamo Hassan Hakmoun wa Moroko, Hamza El Din wa Nubia, Foday Musa Suso wa Gambia, Obo Addy wa Ghana, Dumisani Maraire wa Zimbabwe na Kevin Volans wa Afrika Kusini. Kutoka ukanda wetu yumo Tamusuza peke yake, na sehemu ya kwanza ya utunzi wake, Ekitundu Ekisooka. Albamu hiyo ilipanda hadi juu kwenye chati za Billboard za muziki wa klasiki na za muziki wa dunia, jambo ambalo halikuwa la kawaida hata kidogo kwa muziki wa watunzi wa Kiafrika.

Niliisikiliza mara tatu usiku ule, na kila mara mguu wangu uligonga sakafu mahali tofauti. Asubuhi nikaitia kwenye simu, nikapanda bodaboda kuelekea upande wa Mhonda, kwa mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kinanda kimeharibika?"

Nilistahili. Nikamwomba tu asikilize. Aliishika simu karibu na sikio, akainamisha kichwa, akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani amechoka. Halafu akacheka. "Hawa wanatwanga," alisema.

Nadhani hayo ndiyo maelezo mafupi na sahihi zaidi ya mtindo wa Tamusuza niliyowahi kuyasikia, na nimesoma marefu yake kadhaa tangu siku ile. Hebu niyafungue kidogo.

Turiani ni nchi ya miwa na mpunga. Kabla mashine za kukoboa hazijazagaa, kila nyumba ilikuwa na kinu, na sisi tuliozaliwa zamani kidogo tumelala na kuamka na sauti yake. Wanawake wawili wanasimama wakitazamana, kinu kimoja, michi miwili. Wa kwanza akishusha, wa pili anapandisha. Ukishusha pamoja na mwenzio, michi inagongana na mtu anaumia mkono. Kwa hiyo kila mmoja anapiga katikati ya mapigo ya mwenzake. Wakija watatu, nafasi inagawanywa tena. Anayesikiliza kutoka barabarani hasikii watu watatu. Anasikia mdundo mmoja wa haraka, ambao hakuna mkono mmoja duniani ungeweza kuupiga.

Sasa twende Buganda. Kule kuna marimba kubwa ya mbao iitwayo amadinda. Mbao 12 zinalazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na wapigaji watatu wanaikalia kutoka pande mbili. Anayeanza anaitwa omunazi. Anaketi na kupiga wimbo wake, kwa mikono miwili, kila sauti ya chini na mwenzake wa juu. Ng'ambo yake anaketi omwawuzi, yaani mgawaji, naye anapiga wimbo wake mwingine kabisa, ukiingia kila mahali ambapo wa kwanza ameacha. Wa tatu, omukoonezi, anashika mbao mbili tu za mwisho. Wakishika kasi, mapigo ya wale wawili wa kwanza yakiunganishwa yanapita 500 kwa dakika. Hakuna anayehesabu. Kila mmoja anaikalia nafasi ya mwenzake, basi.

Mwaka 1959 kijana wa Austria aitwaye Gerhard Kubik alifika Kampala akajifunza marimba hiyo kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa ikulu ya Kabaka na mwalimu hodari. Kubik aligundua jambo lililomsumbua maisha yake yote ya utafiti. Alichokuwa akikipiga kwa mikono yake hakikuwa kile alichokuwa akikisikia. Sauti za chini za wapigaji wote zilijikusanya sikioni zikawa wimbo mmoja, za juu zikawa wimbo mwingine, na nyimbo hizo hazikuwa mikononi mwa mtu yeyote pale. Zilizaliwa katikati. Wapigaji wenyewe huzisikia na kuzisikiliza zinasema nini, kwa sababu Kiganda ni lugha ya toni, na mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwa namna fulani unakuwa kama maneno.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu niliweka simu chini. Mzee hakuwa anachelewa. Alikuwa anapiga pale ambapo mimi sikuwa napiga. Kosa lilikuwa la masikio yangu, yaliyofundishwa kwamba pigo liko sehemu moja tu, na asiyelipiga hapo amekosea. Na mdundo wa kinanda ndio mbaya zaidi, kwa sababu umejazwa kila upenyo: huku besi, huku sahani, huku makofi ya plastiki. Mtu anayetwanga na mashine ya namna hiyo atauweka wapi mchi wake?

Lakini masikio hayajifundishi yenyewe. Yangu yana historia, na historia hiyo imepita hapa hapa jirani. Mwaka 1877 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa na kituo Bagamoyo tangu 1868, walifungua misheni ya Mhonda, chini ya milima ya Nguru. Walikuja na Injili, na shule, na nyimbo. Tarehe 22 Novemba 1903, sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, Papa Pius wa Kumi alitoa waraka juu ya muziki mtakatifu. Ndani yake alikataza kanisani piano pamoja na vyombo vya kelele, na ngoma zikatajwa. Aliyekuwa akilengwa pengine ni Mwitaliano mwenye bendi ya mtaani, si babu wa mtu huku Mhonda. Lakini sheria haichagui. Kwa miaka 60 ngoma ilibaki nje ya mlango wa kanisa na nyimbo za Ulaya zikaimbwa ndani, na maneno ya lugha zetu yakalazimishwa kuvaa viatu visivyo vyao. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni ya Kijerumani haijui hilo. Ndiyo maana mpaka leo kuna nyimbo tunaziimba kwa moyo wote huku tukikaza maneno mahali ambapo hakuna mtu angeyakaza sokoni.

Waliolishughulikia tatizo hilo mapema walikuwa watu wa kanisa wenyewe. Padre Stephen Mbunga, Mtanzania, alichapisha mwaka 1963 kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na akatunga misa kwa Kiswahili, Missa Baba Yetu. Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali kwamba watu wa nchi za misheni wana mapokeo yao ya muziki yanayostahili heshima na nafasi ndani ya ibada. Uganda alikuwapo Joseph Kyagambiddwa, aliyekwishachapisha New York mwaka 1955 kitabu juu ya muziki wa Buganda. Oratorio yake ya Mashahidi wa Uganda iliimbwa Roma mwaka 1964, mashahidi hao walipotangazwa watakatifu. Ngoma ilitolewa mlangoni Papa mmoja akiwa Roma, ikarudi Papa mwingine akisikiliza.

Kwa hiyo Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951 Kibisi, Buganda, hakuota jangwani. Tukisema "mtunzi wa kisasa" huwa tunamfikiria mtu aliyegombana na wazee wake na kuchoma vitabu vyao. Usasa wa muziki wa kuandikwa wa Afrika Mashariki haukuanza hivyo. Ulianzia kwaya, kwa watu waliotaka kuimba imani yao bila kujiumiza ulimi. Hata mmoja wa walimu wa kwanza wa Tamusuza katika utunzi, Anthony Okelo, alikuwa padre.

Ila kuna jambo jingine lililotokea akiwa kijana wa miaka 15 hivi, na sidhani kama tunaweza kuuelewa muziki wake tukiliruka. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi la Uganda, kwa amri ya Milton Obote na chini ya Idi Amin, lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alitoroka, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na hazikurudishwa mpaka 1993. Katika moshi ule vilipotea pia vyombo, na wapigaji wa ikulu wakatawanyika. Entenga, yale mapipa ya ngoma yaliyopangiliwa sauti kama marimba, ilikuwa ikipigwa ikulu tu. Ikulu ikianguka, entenga itapigwa wapi? Baadhi ya muziki ule uliponea kwa watu kama Muyinda waliokuwa wamekwishaanza kuwafundisha wengine nje ya kuta, na kwa rekodi alizozikusanya Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyemkimbia Hitler akawa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda.

Ninalisema hili kwa sababu wapenzi wa fasihi tunalo neno tunalopenda kulitupa hewani: "fasihi simulizi haifi." Inakufa. Inakufa siku moja asubuhi, kwa bunduki. Au inakufa taratibu, Alhamisi jioni, kwa mwalimu wa kwaya na kinanda chake.

Tamusuza alikwenda kusoma zaidi Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast. Ni mahali pa ajabu kidogo pa Mganda kwenda kutafuta muziki wa Kiafrika, lakini wakati ule palikuwa pamewakutanisha watu wenye njaa moja. John Blacking, aliyeishi na kujifunza kwa Wavenda wa Afrika Kusini, ndiye aliyejenga pale masomo ya muziki wa jamii. Kevin Volans, Mwafrika Kusini mweupe aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Stockhausen kule Cologne, alikuwa mtunzi mkaazi wa chuo tangu 1986, akawa mwalimu wa Tamusuza. Baada ya hapo Tamusuza akafanya shahada ya uzamivu ya utunzi Northwestern, karibu na Chicago, kisha akarudi kufundisha Makerere.

Sasa angalia dunia aliyoingia. Mwaka 1970 Mmarekani Steve Reich alikuwa amekwenda Ghana kujifunza ngoma, akarudi na mwaka uliofuata akamaliza Drumming, kazi ambayo vitabu vya muziki huihesabu miongoni mwa nguzo za usasa. Mwaka 1982 György Ligeti wa Hungaria, mmoja wa watunzi wakubwa wa karne, alipewa na mwanafunzi wake rekodi za muziki wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na Simha Arom. Akachanganyikiwa kwa furaha, na mwaka 1985 zikatoka etyudi zake za piano ambamo mikono miwili ya mpigaji mmoja inaishi katika saa mbili tofauti. Yaani vinara wa muziki mpya wa Ulaya na Marekani, baada ya kuvunja kila kilichovunjika, walikuwa wamefika kwenye kinu. Walichokiona kuwa ni kesho, bibi zetu walikuwa wakikifanya kabla ya chai.

Simwonei Ligeti wala Reich. Waliheshimu walichokisikia na walisema wazi walikipata wapi. Lakini Tamusuza alitembea njia hiyo kutoka upande wa pili, na mwelekeo una maana. Wao walichukua namna ya kupiga ya Afrika wakaitia katika muziki wao. Yeye alichukua chombo chao, kwateti, akakiuliza swali la nyumbani: wewe watu wako wanne wanakaa wakitazamana, je, mnajua kuachiana nafasi?

Wasomaji wa Kiswahili tunaufahamu mwenendo huu. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, wengi walimwona kijana aliyesoma akadharau vina na mizani. Kelele za mgogoro ule hazijaisha mpaka leo. Ilichukua muda watu kugundua kwamba Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, hakuwa amekimbilia Ulaya. Ushairi wake huru ulikuwa na pumzi ya masimulizi na nyimbo za kwao, ambazo hazikuwahi kuhesabiwa kwa mizani ya pwani. Aliyeonekana mgeni alikuwa mwenyeji wa mahali ambapo wahakiki hawakuwahi kufika. Tamusuza ni hivyo hivyo. Asiyeijua amadinda atasikia katika kwateti yake "muziki wa kisasa unaojirudiarudia". Anayeijua atasikia ukoo.

Tuusikilize basi. Katika Ekitundu Ekisooka nyuzi zinadonolewa kwa vidole hadi fidla inaacha kuimba na kuanza kugonga. Vijisauti vifupi vya ngazi ya sauti tano vinarudiwa na kurudiwa, kila chombo na chake, na hakuna kimoja kilicho wimbo kamili. Ukimfuata mpigaji mmoja peke yake utaona anakupa nusu sentensi. Wimbo unapatikana wakikutana. Chini yake yote kuna mwendo wa baakisimba, ngoma ya Waganda ambayo jina lake linatokana na kupanda: waliipanda, yaani ndizi, na masimulizi yanaihusisha na pombe ya ndizi na furaha ya Kabaka. Sylvia Nannyonga-Tamusuza, msomi wa muziki wa Makerere na mke wa mtunzi, ameiandikia ngoma hiyo kitabu kizima kilichotoka mwaka 2005, akionesha jinsi inavyobeba maana za uke na uume katika jamii ya Waganda. Ngoma ya kiuno, katika kazi iitwayo Njia ya Msalaba! Hapa Turiani, Kwaresima ikiingia, ngoma tunaiweka stoo na kinanda kinabaki kushikilia sauti tu. Sitaki kumsemea mtunzi kwa nini alifanya hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu niisikie, nikitembea vituo 14, nawaza kuwa njia ile ilikuwa barabara ya mjini, yenye watu, vumbi na hatua nyingi za miguu zisizolingana, na kwamba Simoni wa Kirene alipewa kazi moja tu: kushika pale mwenzake aliposhindwa.

Tusimsifu mtu mpaka tukaacha kufikiri. Kuna mambo ambayo karatasi haikubali. Ngazi ya sauti ya amadinda inagawa oktava katika hatua tano zinazokaribia kulingana, na hatua hizo hazimo katika do-re-mi yetu wala katika piano. Ukiandika kwa nota za kawaida, umeshazipinda. Volans alilijua hilo vizuri: White Man Sleeps yake ya kwanza ilikuwa na vinanda viwili vya harpsichord vilivyotuniwa upya kwa sauti za Kiafrika, lakini alipoipanga mwaka 1986 kwa ajili ya Kronos, sauti zile zilirudi kwenye kawaida ya Ulaya. Kitu kinavuka mto, kingine kinabaki ng'ambo. Tamusuza pia, kila alipoandika mstari wa nota, alikuwa anachagua kivuke nini. Naona alichagua kuvusha uhusiano: nani anaanza, nani anagawa, nani anasubiri. Sauti yenyewe ya mbao juu ya mgomba haikuvuka.

Na lipo swali la nani anasikiliza. Kazi hii ilipigwa na Wamarekani, ikatolewa na kampuni ya Marekani, ikapanda chati za Marekani. Mimi niliisikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, miaka mingi baadaye, kilomita chache kutoka mashamba ya miwa. Sijawahi kuona kwateti ikipiga mbele ya macho yangu. Watunzi wetu wa kwaya wanatunga usiku na mchana, nyimbo zao zinasambazwa kwa maelfu katika tovuti kama Swahili Music Notes, na wengi wao hawajawahi kusikia jina la Tamusuza. Kosa si lao. Tumezoea kudhani kuwa mtu akiandikia fidla ameshahama. Kwa hiyo tunamwachia mgeni ampigie makofi, halafu tunalalamika kwamba kina wenyewe.

Nilimuuliza mzee siku ile kama anaona ubaya watu wa mbali kupiga muziki wa kutwanga kwa fidla. Alifikiri kidogo. "Kinu si cha mtu," alisema. "Ila ukija kutwanga, usimwagie wenzio chini."

Hajarudi kwenye benchi la ngoma, na sikumlazimisha. Amemtuma mjukuu wake, binti wa miaka 16, mwenye mikono myepesi na dharau nyingi kwa kinanda changu. Mdundo wa kiwandani siuwashi tena. Na katika nyimbo ninazotunga sasa, mara kwa mara naandika alama ya kunyamaza mahali ambapo zamani ningejaza. Wanakwaya walinilalamikia mwanzoni, wakidhani nimesahau nota. Nikawaambia waimbe tu hivyo hivyo, wasikimbilie mbele. Yule binti anapiga hapo.

Kama hujawahi kumsikia Tamusuza, itafute Ekitundu Ekisooka uisikilize mara mbili. Mara ya kwanza gonga mguu pamoja na chelo. Mara ya pili mwache chelo, gonga na fidla. Ukiona miguu yako haikubaliani na yenyewe, usijisahihishe haraka kama nilivyomsahihisha mzee wangu.